Historia ya kupima mwanga: juu ya nini sura zetu zinapotea kwenye foto

Kila juma tunapokea foto za watu wanaotafutwa. Mama anatafuta mtoto aliyepotezana naye njiani siku watu walipokimbia. Mzee anatafuta bibi yake. Kwenye redio tunasoma jina, kijiji na umri, na foto tunaiweka hapa ili mwenye kumtambua atupigie simu. Lakini foto nyingi hazisaidii. Nyuma ya mtoto kuna bashi nyeupe inayong'aa, na mtoto mwenyewe amekuwa kivuli. Unaona shati, unaona masikio, lakini macho, pua na kovu la shavuni havionekani.

Watu wanasema simu ni mbovu. Wengine wanasema mtoto ni mweusi sana, ndiyo maana haonekani. Simu ya bei ndogo inaweza kuonyesha sura vizuri, na hakuna mtu aliye mweusi kupita uwezo wa kamera. Mara nyingi shida iko kwenye namna mwanga ulivyopimwa. Ni shida yenye historia ya zaidi ya miaka mia moja, na sehemu ya historia hiyo ilipita hapa kwetu Kongo. Leo tuifuate hatua kwa hatua, halafu tuone inatufundisha nini sisi tunaopiga foto nje, asubuhi yenye ukungu, siku ya mvua, au jua likiwa linazama.

Wakati watu walikisia

Foto ni alama inayoachwa na mwanga. Kamera inafungua tundu la lenzi kwa muda fulani, mwanga unaingia, halafu tundu linafungwa. Mwanga ukiingia mwingi mno, foto inakuwa nyeupe kama imemwagiwa maziwa. Ukiingia kidogo mno, inakuwa giza. Kwa hiyo tangu ufundi huu utangazwe Paris mwaka 1839, kila mpiga picha amekuwa na swali moja: hapa niliposimama, sasa hivi, kuna mwanga kiasi gani?

Macho yetu hayawezi kujibu swali hilo. Ukitoka kwenye jua la saa sita ukaingia kwenye kivuli cha nyumba, unaona tofauti ndogo tu, na baada ya dakika moja umeisahau kabisa. Kumbe mwanga wa kivuli kile unaweza kuwa mdogo mara 16 kuliko wa jua. Jicho linajifungua lenyewe bila kukuambia. Ndiyo maana linatusaidia kuishi, na ndiyo maana linatudanganya tukitaka kulitumia kama kipimo. Tena linadanganya zaidi pale mwanga unapokuwa hafifu, kwa sababu pale ndipo linapojifungua sana.

Mwaka 1890 kule Uingereza, mkemia Ferdinand Hurter na mhandisi Vero Driffield walichapisha kazi yao ya kupima jinsi vioo vya picha vinavyopokea mwanga. Walikuwa tayari wametengeneza kifaa kama rula: unatafuta mwezi na saa, unasogeza, kinakupa muda wa kufungua kamera. Mwaka huohuo Mwingereza mwingine, Alfred Watkins, alitengeneza kipima-mwanga kinachotumia kipande cha karatasi yenye dawa. Unakifungua mahali ulipo, karatasi inaanza kuwa nyeusi, na wewe unahesabu sekunde mpaka rangi yake ifanane na rangi ya mfano iliyo pembeni. Kwenye jua ulihesabu kidogo. Kwenye giza la msitu ulisimama ukisubiri.

Kifaa hicho kilikuwa na jambo moja la busara ambalo baadaye lilisahauliwa. Kilipima mwanga unaofika mahali mtu alipo. Hakikujali mtu huyo amevaa nini, wala ngozi yake ina rangi gani. Tuliweke akilini, tutalirudia.

Baringa, 1904

Wakati ule ule msitu wetu ulikuwa mali ya mfalme mmoja wa Ubelgiji, Leopold wa pili. Vijiji vililazimishwa kuleta mpira wa msituni, na kijiji kilichopunguza kipimo kiliadhibiwa na walinzi wenye bunduki wa makampuni. Habari za mauaji na za mikono iliyokatwa zilifika Ulaya kwa barua, lakini barua mtu anaweza kuikana. Mfalme na watu wake walizikana.

Huko Baringa, katika jimbo ambalo leo linaitwa Tshuapa, alikaa mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris pamoja na mumewe John. Walikuwa wamefika Kongo mwaka 1898. Mwezi wa tano mwaka 1904 alifika kwao mtu mmoja kutoka kijiji cha Wala, jina lake Nsala. Alibeba kifurushi cha majani. Ndani yake kulikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira iliyoitwa ABIR. Alice Harris alimwomba Nsala aketi barazani, akampiga foto akiwa anatazama kile kilichobaki cha mtoto wake.

Tufikirie kazi ile kwa upande wa mwanga. Baraza ina paa, kwa hiyo ni fasi yenye kivuli, na nje yake kuna mwanga mkali zaidi. Vioo vya wakati ule viliona rangi ya buluu vizuri, lakini nyekundu na kahawia viliziona vibaya, kwa hiyo ngozi ya Mwafrika ilitoka nyeusi zaidi ya ilivyo. Hapakuwa na kifaa cha umeme cha kusema mwanga ni kiasi gani. Kama kamera ingefunguliwa muda mfupi mno, dunia ingeona mti, ukuta na doa jeusi lililoketi. Mtu asingeona uso wa baba, wala kile kilicholala mbele yake.

Lakini ilionekana. Foto ile na nyingine za akina Harris zilionyeshwa Uingereza na Marekani katika mikutano ya watu wengi, zikitupwa ukutani kwa taa. Mwaka 1905 mwandishi Mmarekani Mark Twain alitunga kitabu kidogo ambamo mfalme Leopold mwenyewe anailalamikia kamera. Mwaka 1908 mfalme alilazimika kuiachia Kongo, ikawa koloni la nchi ya Ubelgiji. Mateso hayakuisha siku hiyo, na foto peke yake haikufanya kazi yote. Kulikuwa na taarifa za wachunguzi na ushuhuda wa wanakijiji wenyewe. Ila foto iliziba mdomo wa wale waliosema hakuna kilichotokea. Na iliweza kufanya hivyo kwa sababu mwanga wa baraza ulitosha kuonyesha uso wa mtu mweusi aliyeketi kivulini.

Mikeno, 1921

Wenye kutoka Rutshuru na Nyiragongo wanaujua mlima Mikeno. Asubuhi unauona, saa nne wingu limeufunika. Mwaka 1921 Mmarekani Carl Akeley alipanda kwenye milima ile kutafuta sokwe wakubwa tunaowaita ngagi. Alibeba kamera ya sinema aliyoibuni yeye mwenyewe na kuiandikisha mwaka 1915. Kamera ile iliweza kugeuka upesi kumfuata mnyama, lakini ilikuwa na faida nyingine: kifungio chake kilikaa wazi muda mrefu zaidi kwa kila picha kuliko kamera nyingi za wakati ule. Maana yake, iliingiza mwanga zaidi.

Hiyo haikuwa faida ndogo. Chukua mnyama mwenye manyoya meusi, muweke ndani ya kijani kizito, chini ya miti yenye ndevu za ukungu, na juu funika wingu. Ukiangalia kwa macho unaona kila kitu. Filamu ya 1921 ingeona usiku. Akeley alirudi na picha za kwanza za sinema za ngagi wakiwa porini. Alikuwa pia mmoja wa watu waliosukuma kuundwa kwa hifadhi. Mwaka 1925 iliundwa hifadhi ya Albert, ya kwanza ya aina hiyo Afrika, ambayo leo ni Virunga. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akafa kwa ugonjwa mwezi wa kumi na moja 1926, akazikwa Kabara, juu kule Mikeno.

Wapiga picha wa miaka ile walitumia pia kibomba kidogo cha kuchungulia. Ndani yake kulikuwa na namba zinazozidi kufifia, na namba ya mwisho unayoweza kuisoma ndiyo kipimo chako. Kosa lake mmeshalijua: ni jicho tena. Mtu aliyekaa nusu saa ndani ya msitu, jicho lake limeshajifungua, anasoma namba nyingi, anaamini mwanga upo. Foto inatoka giza. Kifaa kilikuwa kizuri mchana wazi na kibaya pale tu kilipohitajiwa.

Mashine inayodhani dunia ni kijivu

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1932. Kampuni ya Weston ya Marekani ilitoa kipima-mwanga cha umeme cha wapiga picha. Ndani yake kulikuwa na madini ya seleniumu, ambayo yakipigwa na mwanga yanatoa umeme kidogo sana, na umeme huo unasukuma mshale. Hakikuhitaji betri. Sasa mtu aliweza kupima mwanga bila kulitegemea jicho.

Lakini kilikuja na udhaifu mara mbili. Wa kwanza: kwenye mwanga hafifu mshale haukuwa na nguvu ya kusogea. Uliwafaa watu wa jua, uliwaacha watu wa kivuli. Jibu lilipatikana miaka ya 1960, wakati vilipotoka vipima-mwanga vyenye betri na madini mengine, vyenye uwezo wa kupima hata mwanga wa mwezi, ambao ni mdogo karibu mara 400,000 kuliko wa jua. Miaka hiyohiyo kipimo kilicho ndani ya kamera yenyewe kilianza kupima mwanga unaopita kwenye lenzi.

Udhaifu wa pili haujaisha mpaka leo, na ndio unaoharibu foto zenu. Mnaweza kudhani kipima-mwanga kilichoelekezwa kwa mtu kinampima mtu. Hapana. Kinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kila kitu kilicho mbele yake, na hakijui vitu hivyo ni nini. Mashine haiwezi kujua kama inatazama bashi nyeupe kivulini au jiwe jeusi juani. Kwa hiyo watengenezaji waliipa dhana moja: chukua kwamba vitu vyote vikichanganywa vinafanya kijivu cha katikati. Katika duka la vifaa vya picha kulikuwa na kadi ya rangi hiyo, inayorudisha asilimia 18 ya mwanga unaoipiga.

Wale waliokaa Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya wataelewa haraka. Ukimsimamisha mtoto mbele ya bashi nyeupe, nyeupe inajaza sehemu kubwa ya foto. Mashine inasema: hapa kuna mwanga mwingi, nipunguze. Inapunguza mpaka bashi iwe kijivu. Mtoto, ambaye alikuwa na mwanga mdogo kuliko bashi, anashushwa pamoja nayo na kuwa mweusi tii. Ukimpiga akiwa amekaa juu ya mawe meusi ya volkeno, mashine inafanya kinyume. Inaona giza, inafungua muda mrefu, mawe yanakuwa kijivu, shati jeupe linaungua, na mtoto akitikisika kidogo uso wake unachafuka. Mtoto ni yuleyule, mwanga uliompiga usoni ni uleule. Kilichobadilika ni kilicho nyuma yake.

Mtu aliyekosa kipima-mwanga

Kuna hadithi moja ya kweli ambayo wapiga picha duniani wanaipenda. Jioni ya tarehe 1 mwezi wa kumi na moja 1941, Mmarekani Ansel Adams alikuwa akiendesha gari New Mexico. Akiwa karibu na kijiji cha Hernandez aliona mwezi umechomoza juu ya milima, na chini yake makaburi yenye misalaba meupe ikipigwa na mwanga wa mwisho wa jua. Alisimamisha gari, akapanga kamera yake kubwa, akatafuta kipima-mwanga cha Weston. Hakukiona.

Alichofanya ni kukumbuka kitu anachokijua. Mwezi wenyewe unapigwa na jua, hata kama sisi huku chini tumo jioni, na Adams alijua kwa namba ung'aavu wake. Kutoka kwenye namba hiyo alifanya hesabu kichwani, akafungua kamera kwa sekunde moja. Kabla hajapiga ya pili, jua lilikuwa limeiacha misalaba. Foto ile ikawa moja ya zile zinazojulikana sana katika historia ya ufundi huu.

Wengi wanaisimulia kama hadithi ya kipaji. Mimi naona somo jingine. Adams hakukisia giza kwa macho. Alitafuta mbele yake kitu kimoja ambacho mwanga wake anaujua hakika, akaanzia hapo. Mtu asiye na kifaa anaweza kufanya hivyo popote, na hapa chini nitasema sisi tunacho kitu gani.

Kupima mwanga unaomwangukia mtu

Miaka hiyohiyo Mmarekani Don Norwood, aliyefanya kazi ya picha jeshini, alirudi kwenye busara ya zamani ya karatasi ya Watkins. Alichukua kipima-mwanga cha umeme, akakifunika na kifuniko cheupe cha mviringo, kama nusu ya mpira mdogo. Kifaa hiki hukielekezi kwa mtu. Unakwenda kusimama alipo mtu, unakishika mbele ya uso wake, unakielekeza kwenye kamera. Ule mviringo unapokea mwanga kutoka juu na pembeni, kama uso wenyewe unavyoupokea. Kinakuambia ni mwanga kiasi gani unaomwangukia.

Tofauti ni kubwa. Kipimo hiki hakidanganywi na bashi wala na jiwe jeusi. Mzungu na Mwafrika wakiketi kwenye benchi moja, kinatoa jibu lilelile kwa wote wawili, na kila mmoja anatoka kwenye foto na rangi yake. Mtu mweusi anatoka mweusi mwenye macho, mashavu na makunyanzi yake.

Lakini kamera za watu wengi, na sasa simu zetu, zilifuata njia ya kwanza: kupima kile kinachorudi. Ni rahisi zaidi, kwa sababu huna haja ya kumsogelea mtu. Na upande wa filamu za rangi, hata kipimo kilipokuwa sawa, kazi iliendelea kumpendelea mtu mmoja. Kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilituma kwenye maabara za kusafishia picha kadi yenye foto ya mwanamke mweupe, ili mafundi walinganishe rangi kwa ngozi yake. Kadi hizo zikaitwa kwa jina la Shirley. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi nyeusi haikuwa kwenye kadi. Watafiti wameandika kwamba kati ya waliolalamika mpaka filamu ikaboreshwa kwa rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa meza za mbao na wa chokoleti, kwa sababu mbao zao hazikutofautiana na chokoleti zao zilionekana matope. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kutumika baadaye sana, kwenye miaka ya 1990.

Kwa hiyo mtu akikuambia sura yako haikutoka kwa sababu wewe ni mweusi sana, mjibu kwa historia. Sura haikutoka kwa sababu mashine ilipimwa kwa kitu kingine.

Goma, baada ya 1994

Sasa tufike nyumbani, kwenye jambo ambalo wakubwa wa Goma wanalikumbuka. Mwaka 1994 watu wengi kutoka Rwanda walivuka mpaka katika siku chache, na maelfu ya watoto walipotezana na wazazi wao. Wengine walikuwa wadogo mno kujua jina la kijiji chao, hata jina la baba. Majina hayakusaidia, kwa sababu mtoto wa miaka miwili anaitwa Mama na Baba tu. Katika kambi zilizokuwa pembeni ya mji, maelfu ya watoto wakapigwa foto, na foto zikabandikwa kwenye mbao ili wazazi wapite na kutazama. Wazazi walipita wakitazama sura moja baada ya nyingine, na familia zikapatikana.

Fikiria mama mbele ya ubao ule. Amemwona mtoto wake mara ya mwisho zamani. Mtoto amekonda, amenyolewa, amevaa nguo ya msaada. Anachoweza kumtambua nacho ni umbo la paji la uso, jicho moja lililo dogo, alama karibu na mdomo. Kama mwanga ulipimwa kwa bashi iliyo nyuma na uso ukawa giza, mama atapita. Atapita mbele ya mtoto wake mwenyewe na kwenda ubao unaofuata.

Mimi naona hapo ndipo kupima mwanga kunapotoka kwenye mambo ya wapenda picha na kuwa jambo letu. Nsala alihitaji aonekane ili asikanwe. Mtoto wa kambini anahitaji aonekane ili apatikane. Na sisi ambao kadi ya mchaguzi ndiyo imekuwa kitambulisho chetu, tunajua mtu anavyosumbuliwa kwenye kizuizi pale foto ya kadi inapokuwa doa.

Tunachoweza kufanya leo

Simu yako, ambayo huenda ndani yake kuna madini yaliyochimbwa Masisi, ina kipima-mwanga chenye nguvu kuliko chote alichokuwa nacho Akeley. Ila bado inadhani dunia ni kijivu. Tuisaidie hivi.

Kwanza, ondoa bashi nyuma ya mtu. Usimpige akiwa ameipa mgongo mbingu, mlango ulio wazi au ukuta mweupe. Mgeuze ili wewe ndiye uipe mgongo mbingu, na uso wake uielekee. Nyuma yake kuwe na kitu kisichong'aa: migomba, ukuta wa udongo, mlango wa mbao.

Pili, tumia kiganja chako. Kiganja ndicho mwezi wetu wa Adams. Viganja vya watu, weusi kwa weupe, vinakaribiana rangi kuliko nyuso zao. Kiinue mahali uso wa mtoto ulipo, ukigeuze polepole, utaona upande gani unapata mwanga mzuri. Huo ndio upande wa kumwelekeza. Kwenye simu nyingi unaweza pia kugusa kiganja hicho kwenye kioo, ukabonyeza mpaka kipimo kijifunge, ukaongeza mwanga kidogo kwa kuwa kiganja ni cheupe kuliko kijivu cha mashine, halafu ukaondoa mkono na kupiga. Kama simu yako haina kujifunga, gusa uso wenyewe kwenye kioo, usiguse bashi wala shati. Uso mweusi ukitoka mweupe kupita kiasi, punguza kidogo.

Tatu, mwanga ukiwa hafifu simu inafungua kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo usiishike hewani kwa mkono mmoja. Iegemeze kwenye jiwe, kwenye dumu, kwenye bega la mwenzako. Mwambie mtoto apumue, atulie, upige mara tatu. Na kabla ya yote futa lenzi. Mafuta ya vidole na vumbi vinatawanya mwanga.

Nne, angalia saa. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jioni yetu ni fupi. Jua likizama saa kumi na mbili, una kama dakika ishirini tu kabla ya giza, na kila dakika mwanga unapungua. Usisubiri. Siku ya mawingu usiione kuwa mbaya: wingu linatawanya mwanga laini usio na vivuli vya kukata uso, na kwa foto ya kumtambua mtu mara nyingi ni bora kuliko jua la saa sita, linaloweka giza ndani ya macho.

Tano, kabla hujatuma foto, ikuze kwenye kioo cha simu na ujiulize swali moja: mtu aliyemjua huyu mwaka mmoja uliopita, anaweza kumtambua hapa? Kama macho hayaonekani, mrudishe kwenye mwanga, upige tena. Kufuta foto mbaya hakulipiwi feza.

Walimu, viongozi wa kata na nyinyi vijana mnaopiga foto za pasipoti njiani, nawaomba mwafundishe wengine jambo hili la kiganja. Na familia zinazotafuta watu wao, tuleteeni foto mpya pale ile ya kwanza ilipotoka giza. Tutaiweka hapa, tutasoma jina kwenye redio, na mpita njia atakayeitazama apate uso wa kuutambua.